Baiskeli Isiyotoka Sebuleni

Kiti kilikuwa kimeshushwa vidole vinne.

Ruthu alikiona kabla hata hajakaribishwa. Mwingine angeingia sebule ile akaona mapazia mapya, au keki iliyofunikwa kwa kawa mezani, au kreti mbili za soda zilizosukumwa chini ya dirisha. Yeye aliona kiti cha baiskeli. Miezi mitano iliyopita alifunga uzi mwekundu kwenye bomba la kiti kile, pale pale ambapo goti la Abeli lilinyooka bila kumuuma, akaupiga mafundo matatu. Leo uzi ulikuwa umekwanguka, unaning'inia nyuzi nyuzi.

Aliyekishusha hakuwa Abeli. Abeli ana miguu mirefu kama ya korongo. Mama yake, Mama Paulina, kwa nyonga zake zile, hapandi hata ngazi za kanisani bila kushikwa mkono. Aliyekaa pale alikuwa mtu mwingine, mfupi, mwepesi. 

"Karibu, fundi," Mama Paulina alisema akitokea jikoni, anajifuta mikono kwenye khanga.

Fundi. Wiki tatu zilizopita alikuwa anamwita mwanangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja bila kupiga simu leo."

"Nimepiga, mama. Tangu Jumamosi napiga. Ya Abeli inaita mpaka inakata yenyewe."

"Ana kazi huyo. Ofisini wamemlundikia mafaili ya miezi yote aliyolala." Mama Paulina akaiangalia keki, akaangalia mlango, akaangalia kila kitu isipokuwa macho ya Ruthu. "Ila umekuja wakati mzuri. Hilo dude lako limeanza kulialia. Na kiti, ukikaze hapo hapo kilipo. Kisipande wala kisishuke. Aliyekikalia jana amesema kinachezacheza."

"Nani aliyekikalia, mama?"

"Kaza kwanza, binti. Maneno hayana mbio."

Ruthu akaweka chini mfuko wake wa spana. Akapiga goti mbele ya baiskeli ile kama alivyopiga mara nyingi, ila leo sakafu ilikuwa ngumu kuliko siku zote.

* * *

Dude lenyewe lilikuwa stendi ya chuma yenye miguu iliyotanuka kama ya panzi. Unabana ekseli ya gurudumu la nyuma katikati, tairi linakaa juu ya rola, kile chuma cha mviringo kinachozunguka nalo, halafu unazungusha skrubu kubwa ya nyuma mpaka rola ilibane tairi. Hapo unapanda, unanyonga pedeli mpaka jasho likuingie machoni, na hujasogea hata unyayo mmoja. Abeli aliinunua kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anahama, baada ya lori kumpitia kwenye barabara ya Kibaigwa na kumwachia goti lililoshonwa kama mpira wa makaratasi. Daktari alimwambia anyonge baiskeli kila siku, lakini asitoke nayo nje.

Kaka yake alihangaika na stendi ile asubuhi nzima. Baiskeli ilianguka mara mbili, na ya tatu ikaondoka na kioo cha kabati la vyombo. Ndipo wakatuma mtu soko la Majengo atafute fundi. Wakaletewa Ruthu.

"Fundi yuko wapi?" Mama Paulina aliuliza siku ile, akichungulia nyuma ya mgongo wake.

"Ndiye mimi, mama."

"Wewe?"

"Baba yangu anatengeneza baiskeli Mvumi, mama. Nimezaliwa kwenye spoku."

Kijitabu cha stendi kilikuwa cha Kiingereza, na Ruthu aliishia darasa la saba. Hakukisoma. Alizitazama picha, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anavyotazama gurudumu lililopinda kabla ya kuligusa. Akaona kwamba nati za baiskeli ya Abeli ni fupi, stendi haipati pa kushika. Kesho yake akarudi na nati mbili ndefu za baiskeli ya Foniksi ya zamani, alizoziomba kwenye kopo la baba yake. Baiskeli ikatulia tuli. Kisha akaona kwenye picha kuna kibao cha plastiki chini ya gurudumu la mbele. Akauliza, hakuna aliyekijua. Akapita jikoni kunawa mikono, akakikuta chini ya sufuria ya maji.

"Samahani, mama," akasema. "Gurudumu la mbele linaomba kigoda chake."

Sebuleni Abeli alicheka. Mama yake akasimama na sufuria mkononi, machozi yakimlengalenga, maana mwanawe hakuwa amecheka tangu lori lile.

Cheko lile ndilo lililomponza Ruthu.

Akawa anakuja kila Jumatatu na Alhamisi. Anajaza upepo, maana tairi legevu huteleza kwenye rola. Anafuta vumbi jeusi la mpira. Halafu anazungusha skrubu ya nyuma nusu mzunguko, ili goti libebe uzito kidogo kuliko juzi, na anaweka alama kwa rangi ya kucha.

"Nusu tu, fundi?" Abeli alikuwa anamchokoza. "Utanizeesha hapa juu."

"Nusu tu. Goti si nati, kaka Abeli. Likikatika sina la akiba kwenye kopo."

"Na moyo? Una wa akiba?"

"Nyonga pedeli. Umebakiza dakika nne."

Alikuwa anamtazama kwenye kioo cha kabati jipya, akidhani haonekani. Ruthu alikuwa anamwona. Aliona jinsi anavyouma mdomo goti likifika juu, na jinsi anavyoacha kuuma akigeuka na kumkuta pale kwenye kigoda, saa ya ukutani mbele yake, akihesabu. Kabla ya masika jina la kaka lilikuwa limekwisha kudondoka njiani, amebaki Abeli tu.

Ndipo siku moja, jasho likimtiririka, Abeli akasema, "Siku nitakayonyonga dakika arobaini bila kushika ukuta, Mzee Batholomeo atakwenda Mvumi na barua. Nimeapa."

Hakuna msichana asiyejua barua gani hubebwa na mzee aliyetumwa ushenga. Ruthu aliinama akajifanya anakaza nati iliyokwisha kukazwa.

Dakika arobaini zilifika Alhamisi moja, saa kumi jioni. Abeli alishuka, akaketi mezani na miguu ikimtetemeka, akaiandika barua mbele ya Ruthu na kumsomea. Ilikuwa na yale maneno ambayo barua zote za posa zinayo, ya ua lililoonekana katika boma lenu. Lakini katikati aliweka mstari wake mwenyewe: *Tunamwomba binti yenu, ambaye mikono yake inajua kukaza kilicholegea bila kukivunja.*

Ruthu aliubeba mstari ule mpaka Mvumi kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kigae, analikinga na upepo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku waliyopatana, ikafika. Mzee Nathanaeli, baba yake, alifunga banda na kuvaa koti la Pasaka. Shangazi Anastazia alimchinja jogoo aliyekuwa akimwita mume wa pili. Wakaazima viti kumi na viwili kanisani, wakavipanga uani, wakavifuta vumbi. Upepo wa Mvumi ukavitia vumbi tena. Wakavifuta tena. Saa nne, saa sita, saa tisa. Majirani waliokuja kushangilia wakaanza kuaga mmoja mmoja, wakisema wameacha mbuzi.

Jumapili ibada ilihitaji viti vyake. Ruthu alivirudisha kichwani, viwili viwili, safari sita, katikati ya kijiji kizima kikielekea kanisani. Jioni baba yake alimwuliza, polepole, "Mwanangu, una hakika alisema Jumamosi hii?"

* * *

"Nimekaza, mama," Ruthu alisema sasa. Hakuwa amekaza chochote. "Nani alikalia?"

Mama Paulina akavuta kiti, akaketi, akashusha pumzi.

"Anaitwa Erica. Wa Kibaigwa, baba yake ana mashine za kukoboa. Ana digrii ya uhasibu, yuko benki hapa mjini. Anakuja tena leo saa kumi na moja, ndiyo maana unaona keki."

"Jumamosi, mama. Mzee Batholomeo aliumwa?"

"Hakuumwa."

"Gari liliharibika?"

"Binti, usinifanye niseme maneno mabaya."

"Sema tu, mama. Mimi nilirudisha viti kumi na viwili. Hakuna neno litakalokuwa zito kuliko vile."

Mama Paulina akaikunja khanga mapajani, akaikunjua. "Jumamosi Batholomeo alikuwa Kibaigwa. Na barua. Wameipokea."

Nje kuku alilia. Ruthu alisikia kila kitu siku ile kwa ukali wa ajabu: kuku, feni, saa ya ukutani.

"Sikuchukii," Mama Paulina aliendelea, na sauti yake kweli haikuwa na chuki, na hilo ndilo lililouma. "Umemponya mwanangu, sikatai. Lakini hata daktari alimponya, mbona hatukumposa? Mimi nimezika mume, nimeuza karanga kumsomesha huyu. Kesho wenzake wa ofisini wanakuja na wake zao, wanazungumza mambo yao, wewe utazungumza nini? Spoku? Mikono yenyewe hiyo, hata ukinawa kwa petroli, ile nyeusi ya kucha haitoki."

"Ni kweli haitoki, mama," Ruthu alisema. "Nayo ndiyo iliyomnyanyua mwanao pale kitandani."

"Nimeshasema sikatai."

"Naomba nimwone."

"Amelala."

"Hajalala, mama. Viatu vyake viko mlangoni vimegeukia nje. Alitaka kutoka akanisikia."

Pazia la korido likatikisika. Abeli akatokea, amevaa shati la kazini, miguu mitupu. Mama Paulina alinyanyuka, akamtazama mwanawe kwa muda, akaingia jikoni. Hakufunga mlango.

* * *

Walitazamana. Macho yake yalikuwa yale yale, yenye kope ndefu, yaliyokuwa yakimtafuta kwenye kioo. Leo yalitafuta sakafu.

"Ruthu, ningekuambia."

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Barua ya kwanza maneno uliyapata hapa hapa mezani, miguu ikikutetemeka." Alijishangaa sauti yake ilivyo tulivu. "Na ya pili aliandika nani?"

Abeli akaanza kufunga kifungo cha shati kilichokwisha kufungwa.

"Abeli. Nakuuliza. Aliandika nani?"

"Mama alisema, mimi nikaandika."

"Mkono wako?"

"Mkono wangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hujui alivyokuwa, Ruthu. Siku tatu hali chakula. Presha imepanda mpaka mia na themanini. Aliniambia nikikupeleka barua, nimchimbie kaburi kabisa karibu na baba. Ningefanya nini?"

"Ungenipigia simu. Ungesema, Ruthu, msiazime viti."

Abeli akavuta kiti, ila hakukaa.

"Mama yako alikutajia maneno yote? Na yeye anajua kuandika barua za posa?"

"Hakujua yote." Sauti yake ilishuka mpaka ikawa karibu pumzi. "Nilinakili ile ya kwanza. Nilibadilisha majina tu."

Ruthu alidhani ameshapigwa kipigo cha mwisho. Kumbe kilikuwa hiki.

"Na ule mstari?"

"Upi?"

"Unaujua."

Abeli akafumba macho. "Nilikuwa sifikiri. Niliandika tu, mstari kwa mstari. Nilipomaliza, Batholomeo akaichukua mkononi mwangu."

"Kwa hiyo huko Kibaigwa wameketi, wazee kwa vijana, wamesomewa kwamba binti yao mhasibu mikono yake inajua kukaza kilicholegea." Ruthu alicheka, cheko fupi kavu. "Wamefikiri ni hesabu za benki."

"Ruthu, tafadhali."

"Nilikuwa naubeba mstari ule, Abeli. Nikijaza tairi upepo nausema. Baba yangu nilimtajia gizani nikaona aibu. Kumbe ni wa yeyote. Ni nati tu, unafungua huku unafunga kule."

"Mimi nakupenda wewe."

Alilisema wazi, akimtazama hatimaye. Na Ruthu, Mungu amsamehe, alimwamini. Alitamani asimwamini, mambo yangekuwa mepesi. Mikono yake iliyozoea kungoja ikataka kunyanyuka yenyewe imfute jasho.

"Unanipenda," alirudia.

"Kuliko kitu chochote. Nipe muda tu. Miezi michache. Mama atapoa, nitatafuta njia ya kuvunja kule, na sisi..."

"Nusu mzunguko, nusu mzunguko?"

"Ndiyo. Kama ulivyonifanyia mimi. Wewe una subira, Ruthu. Sijawahi kuona mtu mwenye subira kama wewe."

Hapo kitu kilitulia ndani yake, kama gurudumu linapoacha kuyumba. Akachukua spana. Akalegeza kiti, akakipandisha vidole vinne, akapima kwa macho, akakaza. Uzi uliochakaa akaukata kwa meno, akautia mfukoni. Kisha akaenda nyuma, akaizungusha ile skrubu kubwa, akapita alama zote za rangi ya kucha, ya Mei, ya Machi, ya Januari, mpaka rola ikaachia tairi. Akafungua mabano yaliyoshika ekseli. Akaibeba baiskeli kwa mikono miwili na kuiteremsha sakafuni. Gurudumu la nyuma likagusa chini kwa mara ya kwanza katika miezi mitano.

"Unafanya nini?" Abeli aliuliza.

"Goti limepona. Nililiona siku ya dakika arobaini, umeshuka bila kuchechemea, ila ukipanda ule mguu wa kushoto bado unaudekeza. Tairi lina upepo, nimelijaza Alhamisi. Mvumi ni kilomita arobaini na kitu, barabara unaijua. Baba yangu atakuwa macho, hata ukifika usiku." Akaiegemeza baiskeli kwenye meza, usukani umeelekea mlangoni. "Mimi sitaki mshenga tena. Sitaki barua. Njoo mwenyewe, ukiwa na vumbi, umwambie baba kwa nini viti vilikaa vitupu. Basi. Mengine yote nitayangoja, hata miaka mitatu, unanijua. Lakini hilo moja silingoji."

"Leo?"

"Leo."

"Erica anakuja saa kumi na moja."

"Najua. Nimeona keki."

Akainua mfuko wa spana. "Nakaa pale getini mpaka nihesabu mia tatu. Usinikimbilie kwa miguu, Abeli. Toka na hiyo."

"Mama, nimekwenda!" akaita jikoni, maana adabu haiachwi nyumbani kwa watu hata ukiwa umechomwa moto. "Kwaheri, mama."

Jikoni bomba la maji likafunguliwa.

* * *

Alisimama nje ya geti, mgongo umeegemea ukuta, kichwa kimeelekea dirishani. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza, ule mkavu unaotimua vumbi jekundu. Hakuhitaji kuona. Tangu utotoni amekuwa akizijua baiskeli kwa masikio.

Ishirini. Hamsini. Sauti ya Mama Paulina, chini chini. Ya Abeli, fupi.

Tisini na mbili, akasikia *tik, tik, tik, tik*. Ni gurudumu linalosukumwa. Baiskeli inatembea. Inavuka sebule, inaukaribia mlango, anajua hata pale inapopita kwenye ukingo wa zulia. Akajishika kifua. Akasahau kuhesabu. Akaanza kutafuta mfukoni ule uzi, aufunge tena, kwa nini asiufunge, mafundo matatu kama zamani.

*Tik, tik.* Ikasimama.

Ilisimama kwa muda mrefu.

Halafu *tik, tik, tik* nyingine, zikienda mbali. Akasikia chuma kikigonga sakafu. Akasikia mabano yakibana nati mbili za Foniksi za baba yake, *kra*, na *kra*. Alisikia skrubu ikizungushwa, upesi upesi, sio nusu, mzunguko mzima mzima, na mtu asiyejua pa kuishia.

Kisha rola ikaanza kuvuma. *Vuuu-vu. Vuuu-vu.* Mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Hakuna mtu mwingine Dodoma nzima anayenyonga vile.

Bajaji ikasimama mbele ya geti. Akashuka msichana mdogo wa umbo, mzuri, amebeba mfuko wa viatu vya mazoezi. Alimtazama Ruthu, akautazama mfuko wa spana, akatabasamu kwa wema kabisa.

"Habari yako, dada. Wewe ndiye fundi? Nashukuru, kile kiti kilinitesa jana."

"Salama, dada. Kiti nimekirudisha kwa mwenyewe. Cha kwako mwambie akushushie. Ameniona ninavyofanya."

"Kwani Abeli yupo? Nilidhani nitamkosa, alisema huenda akatoka leo."

Ruthu akatega sikio mara moja ya mwisho. Kule ndani alikuwa ameongeza kasi, ananyonga kama mtu anayefukuzwa.

"Yupo," akasema, akitupia mfuko begani. "Ingia tu. Huyo haendi popote."